Kupanda Feldberg kwa Mdomo

Ofisi ya viza pale Ruwi, Oman, asubuhi hiyo ilifurika watu kama siku ya kugawiwa nyama ya sadaka. Hamood alikuwa amebanwa kwenye kiti cha pembeni, paspoti sita mapajani, wala hata moja si yake. Zilikuwa za mudiri wake, mkubwa wa ofisi moja ya serikali, na mkewe na wanawe wanne, ambao joto likianza kuchoma huenda zao Ujerumani kupunga upepo. Karatasi za wakubwa hazilali mezani. Zinaingia leo, kesho kutwa zimeshatoka. Hamood ndiye dereva wa kuzipeleka na kuzichukua. Hata kanzu aliyovaa, nyeupe ya kung'aa, kishada cha shingoni kinanukia udi, ilikuwa ya mudiri. Ilimbana tumbo mwenyewe, akamtupia dereva wake.

Harufu ya asmini ikaja ikakaa karibu naye.

"Samahani, kaka. Wewe namba ngapi?"

"Ishirini na tisa, bibi."

"Mie arobaini na nne. Ntazeekea hapa."

"Ukizeeka wewe, sie wengine tutakuwa tushazikwa."

Mwanamke akacheka, mkono wenye hina mdomoni. Alivaa abaya ya buluu iliyokoza, miwani ameipandisha juu ya mtandio, na macho yake yalikuwa makubwa, ya kuuliza. Umri wa arobaini na kitu, ule ambao mwanamke ameshajua analolitaka na asilolitaka.

"Madam, pole pole bana," akasema Douglas, mlinzi wa mlangoni, Mkenya. "Hii si sherehe."

Wakacheka zaidi, kwa chini chini. Jina lake Nasriya, muuza dawa katika famasi moja Azaiba, aliyeachwa na mume miaka sita nyuma. Alitaka kumpeleka mama yake na kaka yake, Ghanim, wakaone Msitu Mweusi wa Ujerumani. "Lakini sijampata mtu wa kunieleza. Kila mmoja anakuja na picha za keki yenye jina hilo."

"Keki za nini? Huko mtu anakwenda kwa vilele," Hamood akasema. "Pana Feldberg, pana Belchen, pana Schauinsland na mnara wake wa mbao. Milima ya kwetu iko uchi, bibi. Ile imevaa miti."

Nasriya akamgeukia mzima mzima. Hakuna mwanamume aliyewahi kumwambia maneno kama hayo.

"Kumbe ushafika!"

Hapo ndipo Hamood alipoteleza. "Hapana" ilifika kwenye ulimi, ikayaona yale macho, ikarudi ndani.

"Nshafika," akasema.

"Ishirini na tisa!" akaita Douglas.

*

Walipeana namba, na wiki mbili hazikupita, simu ikawa haipoi. Alasiri Hamood akiwa ndani ya gari la mudiri, anamsubiri bibi mkubwa atoke madukani, Nasriya humpigia.

"Bwana Milima, ushakula?"

"Nakula sauti yako."

"Utakonda! Haya, nipandishe. Jana tuliishia wapi?"

"Belchen. Kilele kina upara kama mie."

"Hebu vua kofia nione."

"Hiyo mpaka Ghanim aniozeshe."

"We!" Kicheko chake kilijaa gari zima. "Na Feldberg je?"

"Huo ndio baba yao. Kukiwa kweupe unaiona Alps, theluji tupu, kule mbali. Nliegesha gari palepale juu, nkatandika jamvi, nkatia makaa kwenye seredani, nkapiga kahawa yangu. Dele moja, tende, na miti chini yangu haina mwisho."

"Gari linafika mpaka juu? Maana mama na magoti yale..."

"Kama ni foruwili, la kuvuta kwa magurudumu yote manne. Pana kizuizi mfano wa kile cha mlima wetu wa Jabal Akhdar, askari anatazama magurudumu, akiridhika anakufungulia. Mama yako atafika kiatu hakijaingia vumbi, roho yangu."

Hakuwa na nia mbaya. Mtu aliyezaliwa Oman hajui mlima wenye jina ambao gari haliupandi, wala hajui mandhari bila ya makaa na kahawa. Alijaza palipopungua kwa alichokijua. Kila akikata simu uso ulimuwaka moto, akajiambia kesho nitamweleza. Kesho ikifika, akapanda mlima mwengine.

Na mama wa watu akashona kanzu mpya ya safari. Akawaambia majirani wote wa Azaiba kwamba ataonja kahawa juu ya kilele.

*

Septemba simu ikalia. Upepo ulikuwa unavuma ndani yake.

"Hamood." Hakukuwa na Bwana Milima.

"Roho yangu, mshafika?"

"Tuko kwenye kizuizi. Gari halipiti."

"Mwambieni foruwili."

"Ghanim kashamwambia! Kashuka, anamwonesha mtu magurudumu, 'Foruwili! Foruwili!', na yule mlinzi wa msitu anatikisa kichwa kama anazungumza na mwendawazimu. Halafu akafungua nyuma, akaliona seredani na makaa. Hamood, alipiga kelele! Moto msituni, huko ni kosa kubwa. Watu wanatutazama. Mama kakaa chini kando ya njia, dele liko mapajani, analia."

"Labda wamebadilisha siku hizi..."

"Nimemuuliza. Kasema magari ya wageni hayapandi, tangu zamani. Wewe ulikwenda mwaka gani?"

Hamood akatazama usukani.

"Mwaka gani, Hamood?"

Akakata simu. Mwanamume mzima wa miaka hamsini na mbili, akakata simu, kisha akaizima, kisha akaitia kwenye kisanduku cha gari na kukifunga, kana kwamba aibu inaweza kufungiwa.

*

Chumba chake kilikuwa Hamriya, juu ya duka la vitambaa. Ndani ya mlango wa kabati zilibandikwa picha za vilele vya Msitu Mweusi, zimekatwa magazetini kwa mkasi wa kushonea, pembe zimeanza kukunjika. Siku zile hakuweza kulifungua kabati. Alivaa kanzu moja siku zote hizo. Hata mudiri, ambaye huwa hamtazami, alimuuliza kama anaumwa.

Alisikia kwa watu kwamba akina Nasriya wamesharudi, na kwamba Ghanim amesema baraza nzima ikisikia, "Yule tapeli, nkimwona ntamlisha lile seredani." Hamood akaona anastahili.

Siku ya kumi na moja tangu ile simu akafungua kabati. Akaiacha ile kanzu ya mudiri, akatoa yake mwenyewe, iliyopauka, yenye alama ya pasi kifuani. Akachukua na kitu kimoja kilichokuwa kimefungwa ndani ya mtandio wa kike. Akapanda teksi mpaka Azaiba.

Nasriya alikuwa nyuma ya kioo cha famasi, koti jeupe juu ya abaya. Alipomwona, hakuinuka.

"Dawa ya uongo hatuuzi."

"Nimeileta safari yangu uione," Hamood akasema, akaitoa paspoti yake mtandioni, akaiweka juu ya kioo, wazi.

Nasriya akaiona viza ya Ujerumani, ya miaka mitano nyuma. Akafunua ukurasa, akafunua mwengine.

"Haina muhuri wa kuingia."

"Haina. Sijafika, Nasriya. Sijafika hata uwanja wa ndege. Marehemu mke wangu, Hasina, aliumwa ugonjwa wa damu. Madaktari wakasema atibiwe huko, mji ulio chini ya msitu huo huo. Tukapeleka karatasi kwa wakubwa watupe kibali. Meza hii inakosa saini, meza ile mwenyewe yuko likizo. Likizo wapi? Huko huko! Wanapunga upepo huko, na mgonjwa yuko hapa anasubiri kalamu yao. Hii viza ilitoka siku ya tatu ya matanga."

Mteja akaingia, anataka dawa ya kikohozi cha mtoto. Nasriya akamhudumia, akamweleza vijiko vingapi, akamtakia mtoto afya. Hamood alisimama na paspoti yake kama mshitakiwa. Mlango ulipofungwa, Nasriya akarudi.

"Endelea."

"Alikuwa kitandani akikata picha za vile vilele, mie nabandika mlangoni mwa kabati, azione akilala. Akasema akipona tutapanda vyote. Yale maneno ya mlima kuvaa ni yake. Yeye aliyasema, mie nkaja kukutongozea wewe. Mama yako nimemdhalilisha na marehemu wangu nimemwibia. Sikuja kukuomba kitu. Nimekuja uniangalie usoni tu, basi, nende zangu."

Nasriya akamwangalia usoni. Akaangalia na ile alama ya pasi kifuani.

"Mie mtu mzima, nimevumilia. Lakini mama, Hamood! Na dele lake!"

"Ntampigia magoti."

"Magoti mwachie mwenyewe, aliyonayo yanamtosha." Mdomo ulimcheza, akaubana. Akafungua saraka, akatoa bahasha. "Siku ya pili nilipanda peke yangu. Kwa kile kigari cha kamba, halafu kwa miguu. Nilipanda kwa hasira tu, nione kama na mlima wenyewe ni uongo. Nikapiga picha, nikaichapisha, nije nikutupie usoni."

Hamood akaitoa picha. Ilikuwa nyeupe, pembe mpaka pembe.

"Ukungu," akasema Nasriya. "Nikinyoosha mkono siuoni. Wajerumani wote wanashuka wamenuna, mie nimesimama nimeinua uso nalowa, kama watu wetu wanavyokwenda Salalah msimu wa manyunyu kulowa makusudi. Nikatafuta mtu wa kumwambia. Niliyemtaka kaizima simu."

Hamood akainamisha kichwa.

"Sasa nambie na wewe, safari hii kweli. Juu ya Feldberg uliona nini?"

"Sikuona kitu."

"Basi tumeona sawasawa, mie na wewe."

Gari zilipita barabarani.

"Nasriya... nkimtuma mtu kwa Ghanim?"

"Usitume mtu. Njoo mwenyewe, Ijumaa baada ya sala, na kanzu hiyo hiyo. Ghanim atakutukana, utanyamaza. Mama atakupa kahawa, utakunywa hata ikiwa chungu. Na itakuwa chungu, nimeshaiona inakaangwa." Akamrudishia paspoti, na picha juu yake. "Za Hasina usizibandue. Hii ibandike chini ya hizo. Mwambie kuna mtu kafika."

Jioni ile Hamood alifungua kabati. Akaibandika picha nyeupe chini ya vilele, akailainisha kwa kidole gumba. Aibu bado ilikuwa haijamtoka. Akasimama nayo, mkono juu ya mlango, mpaka muadhini akamaliza.

"Hasina," akasema. "Kafika mtu. Kakuta huko juu pamevaa kweli, pamevaa ukungu."