Pipa Lisilo na Inzi

"Kabwe! Ni wewe umemuuza mdogo wangu!!"

Nilikuwa nimelala kifudifudi uani kwangu, kiatu cha askari shingoni. Wenzake walikuwa wanamvuta Abdulhamid kutoka ndani ya pipa la mawese...

Rumonge, Mei 1972. Askari walikuwa wakikamata watu na kuwaua, na jina la mdogo wangu lilikuwa kwenye orodha yao. Nilimficha ndani ya pipa tupu, katikati ya mapipa yangu sita ya biashara, nikalifunika pipa lake kwa majani ya migomba, kama yale yaliyojaa.

Hawakupekua nyumba. Walilifuata pipa lile moja kwa moja!

Na nani alikuwa akichungulia kwenye uzio wa matete kati ya nyumba zetu tangu asubuhi? Kabwe, jirani yangu, mvuvi aliyetoka Kongo. Tumekula naye Idi na Noeli miaka kumi!

Jamani, damu ilinichemka.

"Sajenti, na huyo jirani mchukueni. Anavusha watu kwenda Kigoma."

Uongo mtupu. Nilitaka na yeye aonje.

"Hamissi! Unasema nini, ndugu yangu?"

"Nyamaza, nyoka wewe! Leo tunalia wote."

Wakamburuta hadi kwenye mtumbwi wake ufukweni, na mimi wakinisukuma nyuma yake. Wakainua nyavu...

Chini kulikuwa na makasia mapya, kikapu cha ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani, na koti.

Koti la Abdulhamid!!

Cibalonza, mke wa Kabwe, alinikazia macho. Hakulia.

"Mdogo wako alimuomba bwana yangu amuvushe ziwa. Alikuwa anachungulia askari waondoke barabarani, aje kumuchukua. Hawakukuambia, Baba Riziki, sababu mudomo yako haitulii."

Nikamgeukia sajenti.

"Sasa... nani aliwaambia kuhusu pipa?"

Sajenti akacheka.

"Hakuna mutu. Mimi ni mutoto wa kijiji cha Kizuka, mama anakamua mawese. Pipa yenye mawese haikosi inzi. Ile yako haikuwa na hata moja."

Miaka yote nauza mawese, nikasahau inzi!

Walipakiwa lori moja, mdogo wangu na Kabwe. Mimi waliniacha; nilikuwa nimewapa mtu. Hawakurudi.

Jioni ile Cibalonza aling'oa uzio wote kwa mikono yake.

"Unafanya nini, mama?"

"Nataka uwe unaniona."

Nimemwona, ndugu zangu. Akifua, akila peke yake, akizeeka. Kila asubuhi, miaka thelathini na moja. Salamu yangu hakuitika hata siku moja.

Wewe unayemchemkia jirani yako sasa hivi, muulize kwanza. Mimi niliuliza nikiwa nimeshamaliza.