Gripu Yenye Joto

Alhamisi jioni, jua likizama nyuma ya nyumba za kaunsili, Andati alitoka kwake mtaani Jericho kwenda kununua gripu ya betri. Hilo tu. Shughuli ya nusu saa, arudi apike ugali wake.

Andati ni mpiga picha wa matanga. Usicheke. Kuna wa harusi, kuna wa wanasiasa, na kuna yeye. Mluhya wa Eastlands akifariki, husafirishwa nyumbani magharibi, na Andati yumo ndani ya basi na kamera yake. Kabla ya maziko MC huita watu kundi kwa kundi wapigwe picha na jeneza. Mashemeji. Wajukuu. Akina mama wa chama. Mwisho kabisa huitwa mume, au mke, asimame peke yake na mwenzake kwa mara ya mwisho. Hiyo ndiyo picha ambayo watu huitundika sebuleni.

Sasa sikia balaa. Miezi minne iliyopita aliyekuwa ndani ya jeneza alikuwa Triza, mke wake mwenyewe. Na huyu mtu, kwa ukaidi wake, alikataa kamera yake ishikwe na mwingine. Makundi yote alipiga yeye, machozi yakidondoka juu ya kamera. MC alipoita mume, ndipo akampa binamu yake Patrobas. Patrobas akabonyeza. Kimya. Betri imekufa! Hizi kamera za mirrorless zinakula betri vibaya, na ya akiba alikuwa ameisahau kwenye basi. Wazee wakasema mvua hiyo inakuja. Jeneza likashushwa. Picha hiyo hana, na hataipata.

Ndiyo maana alitaka gripu. Inafungwa chini ya kamera, inabeba betri mbili, moja ikiisha nyingine inashika. Aliapa hakuna mjane mwingine atakayeachwa hivyo mbele ya kamera yake.

Hared, muuzaji wa kamera kuukuu pale sokoni, alikuwa anajiandaa kufunga akaswali magharibi.

"Niaje, Andati. Chukua hii mpya. Ina kitufe cha picha za wima, na warranty ya miezi mitatu."

Andati akaifunga kwenye kamera. Ikacheza. Kati yake na kamera palibaki mwanya, na kifuniko cha betri kilikuwa laini kama cha kopo la mafuta.

"Hii itaniacha njiani. Na ile?"

Ile ilikuwa peke yake kwenye rafu ya juu, imefunikwa kitambaa. Hared hakuinyooshea mkono.

"Ile ni orijino. Imetumika. Lakini ngoja, walaal, ndugu yangu. Mama aliyeileta aliniambia nimuulize kila anayeitaka." Akashusha sauti. "Umefiwa?"

Andati alikuwa amechoka na pole. Pole buchani, pole kanisani, pole choo cha nje. Na kila pole na swali lake: ilikuwaje? alianza kuumwa lini? Hakuwa na nguvu ya kuanza tena.

"Sijafiwa," akasema.

"Mkeo nyumbani mzima?"

"Mzima."

Hared akamtazama. Adhana ikaanza. Akaishusha ile gripu na kitambaa chake.

Ilikuwa na joto. Joto la kiganja... kana kwamba kuna mtu ameiachia sasa hivi. Ilikuja na betri mbili ndani, zote zimejaa. Ikakaa kwenye kamera bila mwanya wowote, na Andati, mjinga wa watu, akafurahi.

Aliporudi, jirani yake Phelister alikuwa anakaanga samaki nje ya mlango. Mwanawe, Ryan, alianguka kwenye mjengo mwaka jana akafa.

"Mama Ryan, tulia hapo nijaribu kitu."

"Na nimejaa mafuta hivi? Haya, piga. Usinitoe meno yote."

Klak.

Andati akatazama kioo. Nyuma ya Phelister alisimama kijana mwenye sweta ya kijani, mkono begani kwake.

Ua ulikuwa na watu wawili tu, yeye na Phelister.

"Nimetokaje?" Phelister akainuka kabla hajamzuia. Akaona. Akakaa chini, puu, kwenye simenti. "Woi... Ryan. Ryan wangu. Andati, ona. Anacheka."

Samaki wakaungua na hakuna aliyewageuza. Phelister alilia, lakini kilio cha mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Wewe ungefanya nini? Andati aliingia ndani mbio. Akaweka kamera kwenye tripod, akatega ijipige. Akakaa kwenye kochi, upande wake, akamwachia Triza upande wake.

"Njoo, mama," akanong'ona. "Njoo tupige ile yetu."

Harufu ya mafuta ya nazi ikaja. Yale aliyokuwa akijipaka nywele. Ikaja taratibu... ikajaa chumba.

Klak.

Alikuwepo! Gauni la bluu, lile alilozikwa nalo. Triza mwenyewe, mabega yake, shingo yake.

Lakini alikuwa amesimama. Amempa mgongo.

Andati akapiga nyingine. Triza yuko katikati ya chumba. Nyingine. Yuko mlangoni, mkono kwenye komeo.

Na komeo la kweli, kwenye mlango wa kweli, likalia.

"Triza! Nilichoka tu na maneno ya watu. Sikumaanisha, haki ya Mungu. Nawezaje kukukana wewe?"

Akang'oa kamera akatoka. Akapiga ua. Triza anampita Phelister. Akapiga barabara. Triza yuko kwenye kibanda cha mboga, katikati ya watu wanaotoka kazini Industrial Area, na hakuna hata mmoja anayempisha. Mgongo. Kila picha, mgongo. Kila klak, ameenda mbali zaidi.

Hapo ndipo akaelewa. Yeye ndiye aliyekuwa anamfukuza, picha kwa picha.

Kidole kikabaki kwenye kitufe. Moja tu. Enzi za uhai wake, Triza akifika pale kwenye kibanda lazima angegeuka ampungie mkono. Moja tu, labda atageuka.

Au labda barabara itatokea tupu.

Akaondoa kidole. Moyo ulimuuma mpaka akachuchumaa.

Kesho yake alimrudia Hared, akamwambia ukweli wote. Hared hakukasirika. "Nilikuuliza mara mbili, walaal. Yule mama aliyeileta alimkana mwanawe aliyekufa mbele ya polisi, kijana akazikwa na wasiomjua. Hayo tu ndiyo aliyoniambia. Simu yake haipatikani tena."

Basi Andati akaifungia kamera kabatini, gripu na yote. Aliogopa hata kufungua skrubu. Matanga ya Jumamosi akaazima kamera ya mtu. Na kila jioni alikwenda kusimama karibu na kile kibanda, akaacha nafasi ya mtu mmoja kando yake, akaongea polepole. Mama Ryan ameisafisha ile picha. Mabati yanavuja. Nimekukosa. Watu wakasema Andati amerukwa na akili. Hajarukwa na chochote. Anampenda mke wake, na ni pale tu alipojua pa kumpata.

Wiki iliyopita alitoka kibandani giza likianza kuingia. Ufunguo uko mkononi, amefika mlangoni kwake. Ndani hamna taa. Hamna mtu.

Klak.

Akatega sikio.

Klak... klak...

"Hapana," akasema. "Hapana, hapana."

Ufunguo ulimponyoka. Akaupapasa kwenye giza, magoti chini, na ndani ya kabati lililofungwa kamera ikazidi kupiga, haraka haraka sasa, klak klak klak klak, bila kidole cha mtu, picha juu ya picha. Phelister alimkuta hapo kizingitini, amekumbatia mlango, anaita jina la mkewe kwa sauti iliyokwisha, na kamera bado inapiga.