Kabati la Kupashia Blanketi

Saa saba mchana, katika chumba cha upasuaji, Sista alifungua kabati, akatoa mkebe wake wa chakula, akaukuta baridi. Haikuwa baridi ya chakula kilichosahauliwa. Mkebe ulitoka jasho kama uliolala kwenye friji. Na kipimo cha kabati kilionyesha nyuzi arobaini.

"Fundi aitwe," alisema daktari wa usingizi, akigonga viazi vyake kwa uma. "Au leo tumepikiwa barafu?"

Wenzake walicheka. Sista hakucheka.

Kabati lile lilikuwa la kupashia blanketi. Jina hilo liliandikwa mlangoni, na kazi yake ilikuwa hiyo tu. Mtu aliyelazwa kwa dawa ya usingizi mwili wake hauwezi kulinda joto lake. Akiachwa hivyo, damu huchelewa kuganda na moyo huyumba. Ndiyo maana hufunikwa blanketi la moto tangu kabla ya kisu hadi anapozinduka. Lakini watu wa chumba cha upasuaji walikuwa na mazoea yao ya miaka: ikikaribia saa ya kula, blanketi hutolewa zikawekwa kitini, na mikebe ikaingizwa.

Aliyeanzisha mazoea hayo ni Sista mwenyewe.

Wiki tatu nyuma, bibi mmoja mshona mito alilala juu ya meza ya upasuaji akitetemeka.

"Mwanangu, nasikia baridi."

"Blanketi la moto linakuja sasa hivi, mama."

Sista akaenda kabatini, akakuta mikebe, wake ukiwa mbele. Akachukua blanketi la kitini, lililokwisha kupoa. Bibi alivuja damu isiyotaka kukoma, akafa kabla ya jioni. Kwenye fomu waliandika kuwa ni moyo, na Sista akatia sahihi.

Siku iliyofuata ile ya mkebe, blanketi zenyewe zilitoka baridi. Fundi alikuja, akapima nyaya, akatia mkono ndani, akaapa kwamba panaunguza. Alipoondoka, Sista akabaki peke yake, jua likiwaka dirishani, akasikia meno. Yaligongana ndani ya kabati, polepole kwanza, kama ya mtu anayejizuia kwa kuona haya mbele ya wageni, kisha kwa kasi, na harufu ya pamba ya mito ikapenya kwenye ufa wa mlango, ikamwingia puani, ikamshuka kooni, na alipotaka kupiga kelele sauti ikamwambia, kwa upole uleule wa siku ile, upole uliomuuma kuliko tusi, "Bado nangoja."

Alhamisi iliyokuwa ikija, binti yake Sista alikuwa ajifungue kwa upasuaji, katika chumba hichohicho.

Jioni ileile aliyosikia meno alikwenda kwa mganga, mzee aliyeishi nyuma ya karakana ya baiskeli.

"Ni yule bibi?" alinong'ona.

"Bibi wa watu amekwenda zake. Hilo ni jini. Uliahidi joto, likasikia, likaja kulidai."

"Lifukuze, mzee wangu. Mwanangu ataingia mle."

"Liende wapi? Jini si paka wa kufukuzwa kwa ufagio. Sema mbele yake ulichofanya, usipunguze neno. Kisha litajie mtu wa kumkalia."

"Mtu gani?"

Mganga alitazama pembeni. "Wengi hufika hapa wakiwa na jina la adui."

Njia nzima jina la daktari wa usingizi lilimjia ulimini. Naye alikula. Naye alitia sahihi.

Jumatano saa saba alisimama mbele ya kabati, wenzake wameshika mikebe mikononi, akasema yote: mazoea, ahadi, blanketi la kitini, fomu.

"Nyamaza, Sista," daktari wa usingizi alimnong'oneza. "Tulikula sote."

"Mlikula. Aliyeahidi ni mimi." Akaweka viganja vyake juu ya mlango. "Njoo kwangu."

Mlango ulifunguka wenyewe, joto likawapiga usoni wote. Sista peke yake hakulisikia.

Alhamisi binti yake aliingia amefunikwa blanketi za moto hadi kidevuni, akawa analalamika kwamba wanamchemsha. Damu yake ilikoma ilipotakiwa kukoma. Mtoto alikuwa wa kike, mwekundu, mwenye kelele.

"Mama, mpokee mjukuu wako."

"Mwache kwako kwanza."

"Kwanza mpaka lini? Miezi tisa unamwimbia tumboni, leo humshiki?"

"Ana joto lako, mwanangu. Mwache."

"Basi mguse tu. Kidole kimoja."

Sista akarudi nyuma. Binti akageukia ukutani pamoja na mtoto, akalia kimyakimya. Sista akasimama hatua tatu kutoka kitandani, mikono yake yenye kucha za buluu ameificha nyuma, akihesabu pumzi za mtoto, na pumzi yake mwenyewe ikitoka nyeupe kama moshi, katika wodi ambamo wengine wote walikuwa wakijipepea.