Friji Lililogonga

Kila asubuhi Dafroza alinunua samaki aina ya sato mwaloni, ufukweni Kibara, akawapanga kwenye friji la gari lake, kisha akaenda kuwauza Bunda. Gari liliachwa na mumewe, marehemu Baltazar. Friji alilifunga humo marehemu mwenyewe, likitumia umeme wa betri ya gari.

Siku moja wadudu wa ziwani walitanda mpaka jua likafifia. Dafroza alikuwa njiani, peke yake garini. Akasikia kitu kikigonga nyuma. Ko. Kimya. Kisha tena. Ko.

Akasimamisha gari, akafungua friji. Taa ya ndani ikafifia, kama jicho linalotaka kufumba. Akasikia harufu ya kuungua, mfano wa sigara za Baltazar.

"Ni wewe?" akauliza kwa sauti ndogo.

Kikagonga.

Alipofika Bunda samaki walikuwa wamelegea. Wateja wakapita.

Jioni alimweleza mama mkwe wake, Matrida.

"Baltazar alikuwaga hivyo akiwa na shida," Matrida alisema. "Hasemi, anagonga tu. Usilitumie gari mpaka tumwombee."

Dafroza aliogopa. Hata hivyo, kila mchana alikwenda kuwasha friji, akaweka mkono juu yake, akasubiri mlio ule. Hakumwambia mtu kwamba alitamani kuusikia.

Mchana mmoja mkono wake uligusa waya nyuma ya friji. Ulikuwa wa moto. Akazima friji, akamwita jirani yao Euphrasia, fundi umeme wa magari.

Euphrasia aliliwasha kidogo, akasikiliza. Ko.

"Hiyo ni mota ya friji," alisema. "Inajaribu kuwaka, inakosa nguvu, inazima. Ikipumzika inajaribu tena. Ndiyo maana unasikiaga kugonga."

"Betri imekufa?"

"Tupime, tusibahatishe."

Mita ilionyesha volti kumi na mbili na nusu kwenye betri. Kwenye friji, mota ilipojaribu kuwaka, zilibaki tisa.

"Betri ni nzima. Umeme unapotea njiani."

Alichomoa waya wa betri kwanza, ndipo akafuata nyaya kwa vidole. Waya wa hasi ulifungwa kwenye bodi ya gari kwa bolti iliyoliwa na kutu. Tena ulikuwa mwembamba, ganda lake limeyeyuka.

"Harufu ilitoka hapa, shemeji. Na fyuzi iko wapi?"

Mahali pa fyuzi palikuwa na karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Dafroza aliijua, ilikuwa ya sigara za Baltazar. Hakuna mwingine ambaye angeiweka pale.

"Fyuzi hukatika ili waya usiungue," Euphrasia alisema taratibu. "Karatasi hii haikatiki. Gari lingewaka moto, nawe ndani."

Alikwangua kutu mpaka chuma kikang'aa, akaweka waya mnene na fyuzi ya kipimo cha friji, karibu na betri. Friji likawaka, likanguruma sawasawa. Dafroza alisubiri. Hakuna kilichogonga. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

"Ameondoka?" Matrida aliuliza jioni hiyo.

"Hakuwemo, mama."

Kesho yake sato walifika Bunda wagumu kwa baridi, wakaisha kabla ya adhuhuri. Matrida alikuwa ameomba kupanda naye. Walirudi Kibara wakizungumza habari za Baltazar, kwa mara ya kwanza tangu wamzike.