Dawa ya Kaswera, Nyungu ya Kahongya

Kikombe kilikuwa kimelowa. Hicho ndicho kilikuwa cha kwanza, na mnaweza kucheka mkitaka. Kikombe cha bati kilichofunika nyungu, Kaswera alikuwa amekipangusa yeye mwenyewe, na asubuhi alikikuta kimelowa ndani, chini yake kukiwa na duara jembamba, jekundu, kama mtu amekunywa akabakisha tone. Tena palinuka marakuja, yale matunda ya pasheni. Na nyumba nzima haikuwa na marakuja hata moja.

"Zacharie, ulikunywa nini mu hii kikombe?"

"Miye? Hata chai siyakunywa."

Kaswera akanyamaza. Lakini mwanamke mwenye wivu hanyamazi kweli. Anaweka tu moyoni.

Niwaeleze kidogo. Nyungu ile ilikuwa ya Kahongya, dada mkubwa wa Kaswera, mke wa kwanza wa Zacharie. Kahongya alikufa kwa ugonjwa wa kukosa damu, vita ya pili ya waasi ikiwa imewaka pande zote. Wazazi wao, watu wa Bungulu kule Beni, wakampa mkwe wao binti mdogo ili undugu usikatike. Basi Kaswera akaja Butembo, akalala kitanda cha dada yake, akapikia sufuria za dada yake, na kila akitoa majani ya muhogo jirani anamwambia, "Marehemu, yeye sombe yake ilikuwa mambo ingine." Jamani! Nani angevumilia? Ukimwonea wivu mwenzako aliye hai, unaweza kugombana naye yakaisha. Marehemu utamwambia nini?

Kabla mwaka haujaisha, viganja vya Kaswera navyo vikawa vyeupe. Akipanda kilima kidogo, pumzi hana. Ugonjwa ule ule. Safari hii Zacharie alikimbia. Aliuza mafuta ya mawese yote yaliyokuwa dukani, akaongeza na vitenge, akapata chupa moja iliyoshuka na ndege ndogo pale uwanja wa Rughenda. Dawa yenyewe ilikuwa nyekundu. Delphin, muuguzi wa mtaa, akaiinua dirishani kwenye mwanga, akafunga jicho moja.

"Hii iko na vipimo kumi," akasema. "Kila siku ya posho, Jumamosi, napiga sindano moja. Donc juma kumi, na mbele ya hapo ndege ingine itakuwa imefika. Mais musiruke hata juma moja. Damu yake ikishuka tena, sitakuwa na kitu ya kufanya. Na muichunge pa baridi."

Umeme hakuna, friji hakuna. Delphin akawafundisha: nyungu ya udongo, mchanga uliolowa, chupa katikati. Zacharie akavaa viatu aende sokoni kununua nyungu mpya. Kaswera akanyoosha kidole nyuma ya jiko, kwenye nyungu iliyofunikwa kinywa chini tangu siku ya maziko.

"Ile hapana," Zacharie akasema. "Ni ya yaya yako, dada yako mukubwa. Matanga yake haiyaisha. Wazee ya ukoo kule Lubero hawayafika sababu ya vita. Mpaka wafike, haifunuliwe."

"Ooh! Sasa hata nyungu unamuchungia?" Kaswera akashika kiuno. "Miye njo nakufa, yeye alishakufa, na bado yeye njo mukubwa mu hii nyumba?"

Akaenda akaifunua mwenyewe, kwa mikono miwili, pumzi ikimkatika. Mvua ilikuwa haijanyesha siku nyingi, lakini udongo wa chini yake ulikuwa umelowa. Hakujali. Alikuwa ameshinda.

Kikombe kikaanza kulowa. Juma la kwanza, la pili. Baada ya sindano ya tatu Delphin akainua chupa kwenye mwanga, akaitazama, akaishusha, akaiinua tena.

"Tulishapiga ngapi?"

"Tatu," Zacharie akajibu.

"Inapashwa kubakia saba." Sauti yake ikashuka. "Iko ine. Kila juma mugonjwa anachukua kimoja, na mutu mwingine anachukua kimoja. Kwa hii mwendo, Kaswera eko na juma mbili tu."

Halafu akawaonyesha kizibo cha mpira. Matundu ya sindano yalikuwa matatu, hapakuwa na la nne. Chupa haikuwa na ufa wala haikuvuja.

Alipotoka tu, Kaswera akamrukia mumewe. "Ni ule wa Beni! Kila juma unaenda Beni, eti mawese, mawese. Iko mwanamuke unamupelekea dawa yangu!"

"Kaswera, hakuna mwanamuke."

"Basi anakunywa nani?"

 Zacharie pia alikuwa anasikia harufu ya marakuja, na alijua nani aliyekuwa akiyapenda. Kahongya, siku zake za mwisho, hakuweza kumeza kitu kingine.

Kesho yake Jumapili, Zacharie akaenda misa. Kaswera akasema haendi, miguu haina nguvu. Akaweka kiti mbele ya nyungu amkamate mwizi. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya Butembo, na kwaya ilisikika kwa mbali. Akakaa. Kikombe kikagusa ukingo wa nyungu, taratibu, kama mtu anayechota bila kutaka kuamsha wenye nyumba, na harufu ya marakuja ikapanda, kwanza tamu, kisha chachu, kisha imeoza, na Kaswera akataka kumwita jirani lakini koo likawa limejaa, na ndipo akasikia mtu anameza, gluu, gluu, karibu kabisa, karibu kuliko nyungu, karibu kuliko kiti, akashika shingo yake akaona ni koo lake mwenyewe linalomeza, na hakuna kitu alichokunywa tangu asubuhi.

"Yaya?" akanong'ona.

Sauti ikatoka kwenye mchanga, ndogo, yenye kiu. "Juu ya nini weye? Kwa nini weye, na hapana miye?"

Zacharie alimkuta uani ameikumbatia chupa, hataki kuingia ndani. Hakuuliza mengi. Alfajiri alipanda gari la Beni, akapita vizuizi vyote vya waasi, akarudi na Mama Rébecca wa mtaa wa Beu, mwombezi ambaye watu walisema majini yanamjua kwa jina. Mama mfupi, mkali, hata kiti hakuomba. Akainusa nyungu, akatema mate.

"Ni jini ya wivu," akasema. "Marehemu alikufa na swali, jini ikaingilia mu lile swali. Na ninyi wenyewe mulifungua mulango. Itatoka. Lakini inataka jibu ya kweli, na ni weye tu, papa Zacharie, mwenye kujibu. Juu ya nini Kahongya hakupata dawa?"

Zacharie akajipangusa uso. "Ndege haikukuwa, mama. Vita ilifunga kila kitu. Ingekuwa iko, ningemupatia."

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Kabisa."

Mama Rébecca akamtazama sana. Kisha akaimba, akaomba mpaka sauti ikakauka, wakaipeleka nyungu makaburini wakaivunjia pale mchana kweupe. Harufu ikakatika palepale. Kaswera akalia kwa furaha. Chupa ikahamia kwenye nyungu mpya ya sokoni.

Jumamosi Delphin akapiga sindano, akainua chupa. Vipimo vinne.

"Basi ile siku nilihesabu mubaya," akasema.

Jumamosi iliyofuata akapiga tena. Vinne. Zacharie akapiga makofi. "Kama mafuta ya mujane wa Sarepta! Hii itatufikisha mwisho wa vita!"

Delphin hakucheka. Akamvuta pembeni. "Nilivuta dawa na hii mikono yangu, na chupa haipunguke. Sasa nimemupiga nini?"

"Si unaona anapona? Wacha uoga."

Na kweli Kaswera alipona, ilikuwa ajabu. Viganja vikawa vyekundu, akapanda vilima bila kusimama, akaacha kugombana. Habari za Beni hakuziuliza tena. Alipika sombe, jirani akaonja, akasimamisha mkono. "Eh! Kama ya marehemu kabisa." Kaswera akatabasamu, akamwongezea.

Jumamosi nyingine, mchana, ndege ikapita juu ya mabati ikielekea Rughenda. Kaswera alikuwa ameketi mlangoni. Akageuza kichwa, akaifuata kwa masikio mpaka ilipotua.

"Zaka," akaita.

Zacharie alikuwa akifunga mzigo. Mikono ikasimama. Mtu mmoja tu alikuwa akimwita hivyo.

"Ile siku ndege ilikuwako, Zaka. Nilikuwa mu kitanda, niliisikia inashuka kama hii. Nikasema, bwana yangu ameenda kuniletea dawa. Ukarudia na marobota, baloti tatu za bitenge." Hakuwa na hasira. Alisema polepole, kama mtu ambaye ana muda mwingi. "Mudogo yangu, yeye ulimuuzia mpaka mawese apate dawa."

"Kaswera," Zacharie akasema, akauachia mzigo. "Kaswera eko wapi?"

Mwanamke akamtazama kama kwa huruma.

"Si Delphin alikuhesabulia? Alikuwa na juma mbili. Zilishaisha." Akampa kikombe cha bati. "Kwenda soko, uniletee marakuja."