Kitufe cha Kukata

Haya yalimpata Elipidius, mtoto wa baba yangu mdogo, naye aliyataka mwenyewe.

Ilikuwa Jumanne saa tano asubuhi, watu wanaanika kahawa. Nilimkuta dukani kwake Omurushaka, mbele ya kompyuta. Ukoo ulikuwa umempa kazi ya kutengeneza tovuti ya majina yetu, vizazi saba, kutoka kwenye daftari la marehemu baba ninalolitunza. Sehemu ya kuandikia ilitosha kabisa. Yeye akaona haitoshi. Akaiongezea vitufe kwa juu: cha kukoza herufi, cha kuzilaza, na cha kukata neno kwa mstari katikati.

"Hicho cha kukata ni cha nini?" nikauliza.

"Wafu, kaka. Mtu akifa unabonyeza, kwisha. Hilo daftari lako kafungie maandazi."

Katika daftari, aliyefariki huwekewa msalaba mdogo pembeni. Jina halikatwi. Baba alisema hivyo, na baba yake pia. Lakini Elipidius alikuwa amesoma kozi ya miezi mitatu Bukoba, kwa hiyo wazee wote walikuwa wajinga.

Akatafuta jina la kujaribia. Akachagua la Kokuhirwa, shangazi yetu, mzima kabisa, anayepalilia migomba yake Bweranyange.

"Si mchawi yule? Tuanze naye."

Akabonyeza. Akacheka mpaka akakohoa.

Kesho yake jina la shangazi lilikuwa safi. Mstari ulikuwa umehamia kwenye jina la Elipidius, juu ya herufi ya kwanza tu.

Akaufuta. Ukarudi. Alhamisi ukafika herufi ya pili. Akakiondoa kitufe chenyewe. Ijumaa, ya tatu. Jina lake lina herufi tisa. Hata yeye aliweza kuhesabu.

Nilikwenda Bweranyange.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani amenikata?"

Hana simu. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Nikamwomba amsamehe. Akaendelea kumenya ndizi.

"Mimi sina neno naye. Mstari umeshachorwa, unatafuta pa kukaa. Aje mwenyewe, aseme mbele yangu kwamba mimi ni mzima. Utatulia."

Sentensi moja tu. Nikampelekea Elipidius. Mstari ulikuwa kwenye herufi ya saba. Alikuwa hali chakula, midomo imekauka, anaongea kwa kunong'ona. Na bado!

"Nikampigie magoti mchawi? Watu wa hapa wataniona vipi? Ni hitilafu, kaka. Nitairekebisha."

Nimezika watu wengi wa ukoo huu. Sijaona aliyekufa kwa kitu kidogo kama kile.

Siku ya herufi ya tisa, saa sita mchana, walimkuta kitini. Macho wazi. Kidole kwenye kipanya. Hakuwa na jeraha. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, lakini kioo cha kompyuta kilikuwa cha moto.

Tulimzika kwenye kibanja cha baba yake. Shangazi alikuja, akalia kuliko sisi wote.

Jioni nilifungua sanduku nitoe daftari, nimwekee msalaba wake. Ufunguo ni mmoja, nauvaa shingoni. Jina lake lilikuwa limekatwa. Mstari mmoja mnyoofu, wa wino mweusi. Mimi huandikia bluu.

Miaka mitatu imepita. Nikiugusa, bado unachafua kidole.