Mdalasini wa Esben

Siku jua la Mei linapotoka kwa mara ya kwanza, Nyhavn haipitiki. Kopenhagen nzima inakuwa imekaa ukingoni mwa mfereji, miguu ikining'inia juu ya maji, bia mkononi, macho yamefumbwa, watu wanaota jua kana kwamba wanalipwa kwa kazi hiyo. Tilde alijipenyeza katikati yao akiwa na koti lake la bluu la waongoza wageni wa boti, skafu ya manjano shingoni, na mkononi kipande cha mkate mweusi chenye samaki wa moshi, figili, na kiini kibichi cha yai juu yake. Tangu asubuhi alikuwa hajatia kitu tumboni. Akafungua mdomo, na hapo hapo shakwe akashuka, akampokonya samaki, akamwachia kiini kikichuruzika kwenye koti.

"Huyo ni mteja wangu wa kila siku," sauti ikasema nyuma yake. "Halipi, wala hasemi asante."

Tilde akageuka tayari kugomba. Mwenye sauti alikuwa yule yule aliyemuuzia mkate, kijana mrefu wa aproni nyeupe, nywele rangi ya majani makavu, ananukia moshi wa kuni.

"Kumbe unamfuga!"

"Namwogopa. Njoo nikutengenezee mwingine, na huu utaulia ndani ya kibanda. Nitakulinda na mwiko."

Akaula ndani ya kibanda, kiini kikamfika kidevuni, na yule kijana akamlinda kweli, mwiko juu, uso umekunjwa kama askari wa kasri. Aliitwa Esben. Alitoka kisiwa cha Bornholm, na alikuwa amekuja mjini majira hayo ya kuchipua kumwendeshea mjomba wake kibanda.

"Na wewe kazi yako nini?" akamuuliza.

"Kuongea."

"Ndiyo maana unakula haraka hivyo. Mdomo una kazi nyingi."

Tilde alicheka mpaka akachelewa boti.

Kuanzia hapo wakawa hawaachani. Tilde alikuwa akiwaonyesha wageni mji ule kutwa, na sasa jioni akaanza kumwonyesha Esben. Walipanda mnara wa kanisa la Christianshavn, ule ambao ngazi zake zinauzunguka kwa nje, na katikati ya njia Esben akakumbatia chuma cha pembeni akagoma kwenda mbele.

"Kwetu kirefu kuliko vyote ni bomba la moshi wa samaki," alisema, amefumba macho. "Niache hapa. Mwambie mama nilikuwa mtoto mzuri."

"Nishike mkono, mjinga wangu."

Akaushika, na waliposhuka hakuuachia. Walikula soseji nyekundu za mkokoteni, kitunguu cha kukaanga na matango ya siki yakiwadondokea viatuni. Jumapili walinunua maandazi ya mdalasini yaliyoviringwa kama konokono, na Esben akala matatu. Usiku Tilde akilala, simu inalia.

"Umelala, shakwe wangu?"

"Nilikuwa nimelala, samaki wa moshi."

"Basi lala. Nilitaka kukusikia ukinuna."

Mwezi Juni Esben akatimiza ishirini na tano. Kule, ukifika umri huo hujaoa wala hujaolewa, marafiki zako wanakufunga kwenye nguzo ya taa, wanakumwagia maji, halafu mdalasini wa kutosha pilau ya harusi mbili, mpaka yanabaki macho. Tilde mwenyewe alifanyiwa mwezi Machi, na masikio yake yalinukia mpaka Pasaka. Sasa siku ya Esben ikaangukia kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake Tilde, huko Aarhus.

"Nenda tu," Esben alimwambia. "Wapo watakaoninyoosha."

Tilde aliporudi alimkumbatia akamnusa shingo, akanusa nyuma ya masikio. Moshi mtupu.

"Hawakukufanya kitu?"

"Aa, jamaa zangu si watu wa mambo hayo," Esben alisema, akaanza kupangusa kaunta iliyokuwa safi.

Tilde akalipeleka jambo hilo kwa Preben, nahodha wa boti yao, mzee mwenye ndevu na bila mke, aliyemwagiwa mdalasini akiwa na ishirini na tano, na pilipili manga alipofika thelathini kama desturi inavyotaka. Preben alizima redio ili afikiri vizuri.

"Mwanangu, mtu wa miaka ishirini na tano aliyebaki mkavu ana mke. Hakuna namna nyingine. Marafiki gani watamwachia?"

"Labda ana mzio."

"Na kila baada ya wiki mbili anakwenda kisiwani kufanya nini?"

Maneno hayo hayakumtoka Tilde. Jioni akapiga simu.

"Esben, nikuulize kitu, usinizungushe. Una mke Bornholm?"

"Nani amekwambia?"

Kati ya majibu yote duniani akachagua hilo! Angesema hapana tu, hadithi hii ingekuwa fupi.

"Kwa hiyo yupo."

"Hayupo, Tilde. Ni kwamba... nitakueleza tukionana."

"Nieleze sasa hivi."

"Siwezi. Naona aibu."

Tilde akakata simu. Esben akapiga, akapiga tena, naye akawa anaitazama ikilia mezani, machozi yanamtoka, mkono hauendi. Alimpenda, na hakuwa na la kufanya na mapenzi hayo. Siku zikapita hivyo. Kibandani akawa anapita kwa ng'ambo, uso kautazamisha maji. Mwishowe ukaja ujumbe: "Kesho jioni napanda basi la kwenda kwenye feri. Kibanda nimemrudishia mjomba. Mji huu sikuwa na mtu ila wewe."

Aliusoma mpaka kioo cha simu kikazimika, akakiwasha akausoma tena. Akaandika "usiende", akafuta. Angemwambiaje mume wa mtu abaki?

Kesho yake alasiri boti ilikuwa imejaa wageni. Kamba zilishafunguliwa, boti imeachana na gati, Tilde ameshika kipaza sauti. "Tukifika kwenye madaraja tafadhali mkae," alikuwa akisema, "vichwa vya akiba hatuna." Wageni wakacheka. Kisha wakaanza kucheka kitu kingine, na simu zote zikageukia ukingoni.

Kwenye nguzo ya taa, mbele ya kibanda kilichofungwa, kulikuwa na mtu amefungwa kamba kuanzia magoti mpaka kifuani, ameloa chapachapa, kahawia tangu nywele hadi viatu. Begi la safari lilikuwa miguuni pake. Akina mama wanne wastaafu walikuwa wanamalizia kumwagia mifuko ya mwisho, na walionekana kuifurahia kazi hiyo kupita kiasi.

"Tilde!" yule mtu akapiga kelele, akakohoa vumbi. "Sina mke! Sina rafiki hata mmoja mji huu! Ndiyo maana nilibaki mkavu! Nimewaomba hawa, hata majina yao siyajui!"

Tilde akamgeukia Preben.

"Kapteni, rudi!"

"Nirudi wapi, mwanangu?" Preben naye alikuwa amepauka. "Mfereji mwembamba huu, na nyuma kuna boti nyingine inanisukuma."

"Basi naruka."

"Ukiruka hapo nitakuvua kwa nyavu."

Kweli, maji yalishapanuka kati ya boti na ukingo. Tilde akainua kipaza sauti. Mtu aliyekuwa akiongea kutwa kwa lugha tatu, mdomo ukamkauka. Kilichotoka kilikuwa "Esben," mara moja, kwa sauti iliyosikika mpaka mwisho wa mfereji, na boti ikakata kona.

"Huyo ni nani?" mgeni mmoja akauliza.

"Ni kivutio cha mji," Tilde alijibu, "ila hakimo kwenye maelezo yangu."

Ikabidi aumalize mzunguko mzima. Kasri akaliita kanisa. Kwenye sanamu ya nguva, yule msichana wa shaba juu ya jiwe, ambaye kutoka kwenye boti unamwona mgongo tu, alisimama akamtazama, akasahau kusema lolote. Walipofika mbele ya jumba la opera, mvua ikaanza, nene, ya kudhamiria. Alimfikiria Esben kwenye nguzo ile. Akafikiria pia kwamba wale mama wamemfungua, basi limekuja, naye amekwenda. Hakujua amwombee lipi.

"Nilidhani kila mtu ana marafiki," Preben alisema polepole, macho kwenye usukani. "Nisamehe, Tilde."

Boti ilipogusa gati Tilde alikuwa ameshatoka.

Esben alikuwa pale pale. Mvua ilikuwa imeugeuza mdalasini tope, linamchuruzika kidevuni. Juu ya taa alikaa yule shakwe.

"Basi lako?"

"Limekwenda."

"Si ungewaambia wakufungue!"

"Niliwaambia. Wakasema atakayenifungua ni mwenyewe niliyekuwa namwita. Wamekwenda kunywa kahawa."

Tilde akaivamia kamba. Mafundo yalikuwa yamelowa, magumu kama jiwe, kucha mbili zikavunjika, hakuna kilicholegea. Akaiachia akaanza kulia waziwazi, mbele za watu.

"Kwa nini hukuniambia huna mtu?"

"Ningesemaje? Ulikuwa unanionyesha mji mzima, kila kona unasalimiwa. Nikaona ukijua nakaa peke yangu chumbani na redio, na upweke ukizidi nakimbilia kwa mama kisiwani, utanihurumia. Sikutaka unihurumie. Nilitaka unipende."

"Nakupenda, mjinga wewe. Nimekupenda hata ulipokuwa mume wa mtu, na iliniua."

Akamtazama vizuri. Nyuma ya sikio la kushoto palikuwa pamebaki peupe. Akachota tope begani mwake, akapapaka taratibu kwa kidole.

"Haya. Sasa umepakwa na mtu wako."

Esben akafumba macho. Hakuweza kumkumbatia, kwa hiyo akaegemeza paji lake kwenye paji la Tilde, na wote wawili wakawa kahawia. Preben alikuwa anakuja mbio kutoka kwenye boti, kisu mkononi, anahema.

"Miaka mitano tu," Esben akanong'ona. "Halafu watanirudia na pilipili."

"Wataanza na mimi. Mimi ni wa Machi."

Esben akafikiri kidogo, akapiga chafya.

"Basi tuoane Februari," alisema. "Hii inayokuja."